Sura ya Nne: Mwaka Unaokosekana

Chukua chupa ndogo ya kioo yenye kizibo. Izamishe kwenye maji yaliyo chini ya mafunjo ya Nakivubo, upande wa kusini-mashariki wa Kampala, uijaze mpaka pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa. Tia matone machache ya manganizi salfeti, fuatisha mchanganyiko wa alkali na ayodaidi, funga, pindua chupa mara kadhaa, kisha iache itulie. Maji ya Ziwa Viktoria yaliyochotwa mahali penye upepo na mawimbi yatakupa mashapo ya rangi ya kahawia, na ukahawia huo ndio dalili ya oksijeni. Maji ya chini ya mafunjo mara nyingi hutoa mashapo meupe kama unga wa muhogo. Hayana oksijeni.

Mwanafunzi anayeyaona mashapo hayo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea dawa. Anarudia, yanatoka meupe vilevile. Njia yenyewe ni ya Winkler, mkemia wa Hungaria, tangu mwaka 1888, na haidanganyi kirahisi. Basi maswali yanaanza kumjia. Kamongo, ambaye Waganda humwita emmamba na ambaye ukoo mzima umejinasibu naye, anaishije humo? Huyo ana mapafu. Hupanda juu akavuta hewa. Lakini furu, wale samaki wadogo wanaouzwa wakavu sokoni kwa jina la enkejje, hawana mapafu, na bado wamo pembezoni mwa kinamasi. Wanaponaje?

Mtafiti Lauren Chapman na wenzake walilifuatilia swali hilo katika Ziwa Nabugabo, karibu na Masaka. Waligundua kwamba baadhi ya furu na samaki wengine wadogo hustahimili maji yenye oksijeni haba kuliko sangara anavyoweza. Sangara alipandikizwa katika maziwa haya kwenye miaka ya 1950 na 1960, akala aina kwa aina za samaki wa asili. Ndani ya mafunjo hawafikii. Kinamasi ambacho watu wa mjini wanakiona pori la mbu la kufukiwa kifusi ndicho kilichowaficha samaki ambao ziwani wametoweka au wamebaki wachache.

Kulijua hilo kulihitaji watu kurudi kwenye maji yaleyale, msimu baada ya msimu. Mwanafunzi wetu ana alasiri moja. Saa kumi na moja chupa zinaoshwa, ripoti ya vitendo inaandikwa usiku hosteli, na wiki inayofuata somo ni jingine. Swali lake linabaki pale lilipozaliwa.

Sura hii inahusu mwaka mmoja ambao ungemruhusu alifuate. Vyuo vingine duniani vimeuweka ndani ya shahada yenyewe. Kampala haupo, na nadhani pengo hilo linatugharimu wanabaiolojia wengi kuliko upungufu wa hadubini.

Nianze na mfano wa mbali ili jambo lieleweke. Uingereza kuna shahada ambayo mwanafunzi huingia akitoka sekondari na kutoka akiwa na uzamili. Huitwa MBiol au MSci kutegemea chuo, na kwa kawaida huchukua miaka 4, Scotland miaka 5. Miaka ya mwanzo haina tofauti kubwa na shahada ya kwanza ya kawaida: seli, jenetiki, ikolojia, takwimu, safari za nyanjani. Tofauti iko mwaka wa mwisho. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mtafiti mmoja au kundi la watafiti, akapewa au akabuni swali, akalishughulikia kwa miezi mingi, akaandika tasnifu. Hajazi fomu mpya za udahili na hatafuti mfadhili mwingine. Kwa raia wa huko, mkopo uleule wa shahada ya kwanza unaendelea kumlipia. Oxford, chuo ambacho hakina haraka ya kubadili mambo yake, iliugeuza mpango wake wa baiolojia kuwa wa miaka 4 kwa walioingia mwaka 2019, ikaacha mlango kwa anayetaka kuondoka baada ya miaka 3 na shahada ya kwanza. Mlango huo usiusahau, nitaurudia.

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, shahada ya kwanza ya sayansi ni ya miaka 3. Uzamili ni miaka 2 kwenye karatasi, na ni safari mpya kabisa: maombi mapya, ada mpya, mara nyingi umri mwingine. Tanzania mpango ni wa namna hiyohiyo. Kenya, kwa waliopitia mfumo wa 8-4-4, shahada ya kwanza ya sayansi ni miaka 4, kisha uzamili. Wasomaji wa Bukavu na Kisangani watakumbuka utaratibu wao wa zamani wa graduat miaka 3 na licence miaka 2, ambao ulikuwa karibu zaidi na hili ninalolisema: aliyemaliza graduat alijua kwamba licence inamngoja katika kitivo kilekile, na tasnifu ya licence ilikuwa kazi nzito. Nao sasa wamehamia mfumo wa Ulaya wa ngazi tatu zilizotengana.

Ulaya yenyewe ilikubaliana juu ya ngazi hizo huko Bologna mwaka 1999, ili mwanafunzi wa nchi moja aweze kuendelea nchi nyingine. Ni sababu nzuri. Ila ngazi zilizotengana zinafaa pale ambapo kati ya ngazi moja na nyingine kuna mtu wa kukushika mkono. Kampala, kati ya ngazi ya kwanza na ya pili, mara nyingi hakuna mtu.

Tazama mwanafunzi anavyofika pale. Kidato cha tano na cha sita anasoma PCB: fizikia, kemia na baiolojia. Nyumbani jina la kozi limeshaamuliwa, ni udaktari. Mjomba ameshaanza kumwita "dokta" tangu matokeo ya kidato cha nne. Matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yanapotoka, kila herufi hugeuzwa pointi, A ikiwa 6, na masomo ya msingi wa kozi huzidishwa kwa 3. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990 na ambao umewafikisha chuoni wengi ambao wangebaki nje. Hesabu ikikamilika, wachache wanaingia udaktari katika hospitali ya Mulago. Wengine wanagawanywa: ufamasia, udaktari wa mifugo, kilimo, na mwishoni mwa orodha ya matumaini ya mzazi, shahada ya sayansi katika baiolojia.

Kwa hiyo darasa la mwaka wa kwanza lina vijana wawili waliochagua baiolojia kwa moyo, na wengi waliopangiwa. Sisemi hivi kuwavunjia heshima. Nimewaona waliopangiwa wakawa ndio wenye macho makali kuliko wote, mara tu walipopata kitu cha kukitazama kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba muda wenyewe haupatikani. Mwaka wa kwanza wanajifunza kuishi Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, kwa pesa kidogo. Mwaka wa pili wanaanza kuona somo lina utamu. Mwaka wa tatu wameanza kuwa watafiti, wana mradi mdogo wa mwisho, na ghafla wanavaa majoho kwenye uwanja wa Freedom Square. Daktari wa binadamu anasomeshwa miaka 5. Daktari wa mifugo miaka 5. Mtu tunayemtegemea atuambie kwa nini mgomba unanyauka, kwa nini samaki wanapungua, na mbu gani anabeba nini, anapewa 3.

Miaka 3 haitoshi kwa sababu viumbe wana kalenda yao. Mfano uko juu ya vichwa vya wanafunzi hao kila siku. Kaloli, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anajenga viota kwenye miti ya Kampala na kula taka zetu. Derek Pomeroy wa Makerere aliwachunguza katika miaka ya 1970, akawahesabu, akafuatilia uhusiano wao na majalala, kazi inayotajwa hadi leo popote ndege wala taka wanapojadiliwa. Yai la kaloli hulaliwa kwa takriban siku 30. Kinda hukaa kiotani miezi mitatu hadi minne kabla ya kuruka. Jumla ni miezi minne au mitano, na hapo umefuatilia uzazi mmoja tu wa kiota kimoja. Muhula wa chuo unakwisha kinda bado hajaota manyoya yake vizuri. Mwanafunzi anayetaka kujua ni makinda mangapi hufa, na kwa nini, hawezi kujua ndani ya muhula hata awe na akili za namna gani.

Mvua nazo ni hivyo. Kampala ina misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Utafiti wa kinamasi, wa mbu, wa vyura, wa kuvu wanaoshambulia maharage, ukifanywa katika msimu mmoja unasema nusu ya habari. Mwaka mzima ndio kipimo cha chini kabisa.

Kilomita zisizofika 30 kutoka Makerere, karibu na barabara ya Entebbe, kuna msitu mdogo ulioifundisha dunia nzima somo hilo. Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulifungua Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka uliofuata, 1937, virusi vya West Nile vilitambuliwa kutoka damu ya mwanamke wa wilaya ya West Nile. Watafiti walikuwa wakiweka nyani aina ya rhesus ndani ya vizimba kwenye majukwaa juu ya miti ya msitu wa Zika, wakingoja kuona kama wataumwa. Mwezi wa Aprili 1947 mmoja akapata homa. Damu yake ilikuwa na kirusi ambacho hakuna aliyekijua. Januari 1948 kirusi kilekile kikapatikana katika mbu wa aina ya Aedes africanus kutoka msitu uleule. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha matokeo mwaka 1952.

Miaka mitano ilipita kati ya homa ya nyani na chapisho, na walikuwa watu wenye mishahara, maabara na wasaidizi. Haddow hakuishia hapo. Alitaka kujua mbu gani huuma saa ngapi na kwa kimo gani, kwa hiyo walinaswa saa 24 mfululizo, kuanzia ardhini hadi juu ya vilele vya miti. Mnara wa chuma wa futi 120 uliosimikwa kwanza msitu wa Mpanga ulihamishiwa Zika mwaka 1960 kwa kazi hiyo. Wenyeji wa pale ndio waliokaa kwenye majukwaa usiku kucha wakiwakamata mbu waliokuja kuwauma wao wenyewe, na majina yao mengi hayamo kwenye vitabu. Elimu tuliyo nayo kuhusu mbu wa misitu ya Uganda ililipiwa kwa ngozi zao.

Kwa miongo kadhaa hakuna aliyejali sana. Kisha ugonjwa wa Zika ukaibuka Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Wanasayansi wa kila bara wakakimbilia makala za mwaka 1952. Msingi ulikuwepo kwa sababu kuna watu waliokuwa na ruhusa ya kukaa na swali moja kwa muda mrefu, bila kujua litafaa lini.

Sasa rudi kwa kijana wetu siku ya pili baada ya mahafali. Ana shahada, ana swali, hana pa kwenda nalo. Akitaka uzamili, ada ni yake mwenyewe mpaka apate mfadhili. Mfadhili naye ana masharti. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hulipia uzamili wa mwaka mmoja na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa takriban miaka 2. Basi lazima kwanza atafute kazi. Kazi inayopatikana haraka ni kuuza dawa za kampuni akitembea kliniki hadi kliniki, au kufundisha. Na kufundisha sasa kunavuta kuliko zamani: kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada, katika shule zake, hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Ninaiunga mkono nyongeza hiyo kwa moyo wote. Mwalimu bora wa baiolojia ni rasilimali ya nchi. Lakini mwenye shahada ya sayansi tupu anahitaji diploma ya ualimu juu yake ili aingie kwenye mstari huo, na akishaingia, akaoa au kuolewa, akajenga, ni nani atakayemwambia aache milioni 4 arudi kuosha chupa za Winkler?

Wale wanaorudi, hurudi wamechoka. Uzamili wa miaka 2 unageuka kuwa wa 3, wa 4, au zaidi, kwa sababu mwanafunzi anafanya kazi mchana na kuandika usiku, msimamizi ana wanafunzi kumi na tano, na pesa za vitendanishi zilikwisha katikati. Mama mmoja niliyezungumza naye, mwalimu wa sekondari nje ya Kampala, alikuwa bado na sampuli zake za udongo kwenye mifuko ya nailoni chini ya kitanda, zimeandikwa tarehe kwa wino uliofifia. Alizikusanya kabla mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Mtoto huyo sasa anasoma kidato cha pili. Alinionyesha mfuko mmoja mmoja, akinieleza kila ulikotoka, kichwani hajasahau hata shamba moja. Huyo ndiye mwanabaiolojia tuliyempoteza, na akili yake ilikuwa timamu siku zote.

Kuna wakati Makerere yenyewe ilijua kuutumia mji huu kama kitabu. Chuo kilianza 1922 kama shule ya ufundi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, kikaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kikasimama peke yake mwaka 1970. Katika zama za London mitihani ilikuwa na muhuri wa ng'ambo, lakini walimu wa baiolojia hawakukubali kufundisha kwa mimea ya Surrey. Leonard Beadle, profesa wa zuolojia, alizama katika vinamasi vya mafunjo na maji yake yasiyo na oksijeni. Kitabu chake kikubwa juu ya maji ya bara ya Afrika ya kitropiki kilitoka 1974. Edna Lind na A. C. Tallantire waliandika kitabu cha mimea ya Uganda inayotoa maua, kilichochapishwa 1962, ili mwanafunzi aweze kulitambua ua lililo kando ya njia ya kwenda darasani. Baada ya 1972 walimu wengi waliondoka, wengine wakikimbia kuokoa roho zao, na waliobaki walishika kamba katika miaka ambayo chaki yenyewe ilikuwa adimu. Mtu anayelalamikia idara hizi leo aanze kwa kuwashukuru hao.

Na hazina haikupotea. Magharibi, katika msitu wa Kibale karibu na Fort Portal, kuna Kanyawara, kituo cha utafiti wa baiolojia cha Makerere. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1970 Thomas Struhsaker alipokwenda kuwachunguza mbega wekundu. Tangu 1987 kundi la sokwe la Kanyawara limefuatiliwa katika mradi ulioanzishwa na Richard Wrangham, mama kwa mtoto kwa mjukuu. Watafiti kutoka Marekani, Kanada na Ulaya hukaa pale miezi na miezi. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa Makerere, ambaye kituo ni cha chuo chake, akibahatika huenda kwa siku chache, analala kwenye godoro la wageni, anaona nyayo za tembo kwenye matope, na basi linamrudisha Kampala. Mwanafunzi wa uzamili wa chuo cha Ulaya anakaa mwaka. Hili linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwanafunzi wa baiolojia akimaliza mwaka wa pili na kufaulu vizuri, apewe nafasi ya kuchagua njia ya miaka 4 au 5. Mwaka wa tatu asome pamoja na wenzake. Anayetaka kutoka hapo atoke na shahada yake kamili, bila doa, kama Oxford wanavyofanya. Kuna mzazi ambaye hana uwezo wa kungoja zaidi, na mpango wowote unaomfungia mtoto wa maskini ndani ni mpango mbaya. Anayebaki apewe mwaka mzima wa utafiti unaovuka misimu yote miwili ya mvua, akiwa na msimamizi mmoja mwenye wanafunzi wachache. Kituo chake kiwe Kanyawara, au Entebbe kwenye virusi, au Kawanda kwenye migomba, au Jinja kwenye samaki. Kozi za darasani zinazohitajika kwa uzamili zifuate au zichanganywe humo. Tasnifu itahiniwe na mtu wa nje, kwa ukali uleule wa uzamili wa sasa. Nikilazimika kuchagua kati ya 4 na 5, nachagua 5, kwa sababu shahada ya haraka ambayo waajiri wataiita nusu uzamili haitamsaidia mtu.

Watasema pesa hakuna. Serikali inapomlipia mwanafunzi wa udaktari, hulipa miaka 5 bila kuuliza, kwa kuwa miaka hiyo ni shahada moja. Mwaka wa utafiti ukiwa ndani ya shahada ya mwanabaiolojia, mfadhili aliyepo ataendelea naye. Ukiwa nje, analazimika kuanza upya kutafuta mwingine. Hiyo ndiyo nguvu kubwa ya mpango huu kwa nchi kama zetu, kubwa kuliko hata Uingereza ulikotoka. Idadi inaweza kuwa ndogo mwanzoni, wanafunzi ishirini kwa mwaka. Ishirini wanaomaliza ni zaidi ya mia wanaoanza.

Watasema pia kwamba Nairobi au Dar es Salaam hawataitambua. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake Kampala hapahapa. Wakuu wa nchi walikwisha kutangaza mwaka 2017 kwamba Jumuiya ni eneo moja la elimu ya juu, na mfumo wa kulinganisha sifa za elimu upo. Kazi iliyobaki ni ya makamati, na makamati hufanya kazi pale yanapoulizwa kila mara.

Faida yenyewe si ya nadharia. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walipima kinamasi cha Nakivubo kwa undani, wakaonyesha jinsi mafunjo yanavyonyonya nitrojeni na fosforasi kutoka maji machafu ya jiji kabla hayajafika ghuba ya Murchison. Mizizi ya mafunjo huning'inia ndani ya maji, kwa hiyo maji taka hupita katikati yake na kusafishwa. Mahali ambapo mafunjo yamekatwa na kupandwa magimbi, usafishaji huo hudhoofika. Ni kutoka ghuba hiyohiyo, pale Gaba, ambapo Kampala huchota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Uchafu ukizidi, kuyatibu kunagharimu zaidi, na gharama inamfikia kila mwenye bomba. Watafiti hao wawili walikamilisha uzamivu wao kupitia Uholanzi. Waliobaki na maswali ya aina hiyo bila nafasi ya kuyafuata hatutawajua kamwe.

Mpango ninaousema haupo leo, na wewe unayesoma huenda uko mwaka wa pili sasa. Usiusubiri. Chagua kiumbe kimoja au mahali pamoja unapoweza kufika kwa miguu au kwa nauli ya boda unayoimudu, uanze daftari la tarehe, saa, mvua na ulichoona, na uendelee nalo likizoni. Mafunzo ya vitendo ya likizo usiyafanye ofisini kwa ndugu yako kwa ajili ya saini. Omba Entebbe, omba Kawanda, omba Jinja, na ukikataliwa omba tena kwa barua nzuri zaidi. Shirika la Tropical Biology Association huendesha kozi za mwezi mmoja za nyanjani, Kibale ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ambako vijana wa Afrika na Ulaya husoma pamoja na kila mmoja hufanya utafiti wake mdogo; fuatilia tarehe zao mapema. Mradi wako wa mwaka wa tatu uuanze mwaka wa pili. Mwombe mhadhiri mmoja akusomee kurasa mbili kila mwezi. Wengi watakubali, kwa sababu wamekaa miaka wakingoja mwanafunzi aombe.

Na wewe mzazi, mtoto akija nyumbani na mashapo meupe kwenye chupa akitaka kukueleza maana yake, msikilize hadi mwisho, kisha umuulize anahitaji nini ili arudi kinamasini.